Rula Iliyoua Jani: Historia Fupi ya Mimea na Mguso

Kifauongo hakihitaji utambulisho. Unakigusa, majani yanajikunja kama yamekufa, unasubiri dakika kadhaa, yanafunguka tena. Jina lenyewe limeshamaliza maelezo: kinakufa kwa uongo. Na kwa kuwa kinafanya vituko vyake mbele ya macho yetu, ni rahisi kudhani kwamba hicho peke yake ndicho chenye hisi, na mimea mingine yote, maharage, nyanya, mwembe wa uani, imesimama tu kama kuni ambazo hazijakauka.

Sivyo. Mimea mingi hutambua ikiguswa. Tofauti ni mwendo wa jibu: kifauongo hujibu kwa sekunde, maharage hujibu kwa siku na wiki. Hayajikunji, yanabadilisha namna yanavyokua. Shina linafupika, linanenepa, na wakati mwingine mmea unakuwa mgumu zaidi kushambuliwa na kuvu na viwavi. Leo tuna ushahidi wa hili hadi ngazi ya jeni. Lakini sayansi ilichelewa sana kufika hapa, na sababu ya kuchelewa ndiyo ninayotaka tuifuatilie. Kwa kifupi, kwa muda mrefu watafiti walikuwa wanaigusa mimea yao kila siku bila kuhesabu mguso huo kama sehemu ya jaribio.

Wenye haraka ndio walioonekana kwanza

Mimea inayosogea ilivutia macho mapema. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kuhusu mti wa maeneo ya Memphis, Misri, ambao majani yake huinama yakiguswa kisha hurudi kama yalivyokuwa. Mwaka 1665 Robert Hooke, katika kitabu chake *Micrographia*, alieleza majaribio yaliyofanywa kwa mmea wa jamii ya kifauongo. Katika karne ya 19 akaja Charles Darwin, ambaye baada ya kitabu chake cha asili ya spishi alitumia miaka mingi akiangalia mimea kwa subira ya ajabu.

Darwin alichunguza vikono vya mimea inayotambaa, vile vinyuzi ambavyo matango na pasheni hutumia kushika mti au waya, akaona vinavyojipinda vikigusa kitu. Kisha akageukia mimea inayokula wadudu. Katika kitabu chake cha mwaka 1875 aliripoti kwamba kipande cha unywele chenye uzito wa miligramu 0.000822 kilitosha kufanya vidole vya mmea wa *Drosera* vijikunje. Wakati huohuo, matone ya mvua, ambayo ni mazito mara nyingi zaidi, hayakuvisogeza. Hebu fikiria maana yake. Mmea hautambui tu kwamba kuna kitu kimegusa, unatenganisha mguso wenye faida na mguso wa bure. Ungekuwa unajikunja kila mvua inaponyesha, ungechoka kabla mdudu hajafika.

Ni Darwin huyohuyo aliyemshawishi daktari John Burdon-Sanderson apime umeme katika mmea wa *Dionaea*, ule wenye majani yanayofunga kama mtego. Mwaka 1873 Burdon-Sanderson alitangaza kwamba jani likiguswa hupitisha ishara ya umeme, inayofanana na ile ya mishipa ya fahamu ya wanyama.

Hapo ndipo mstari ulipochorwa: mimea "yenye hisi" upande huu, mimea ya kawaida upande ule. Mtu aliyeukataa mstari huo alikuwa Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia wa Kolkata, India. Alitengeneza vifaa nyeti vya kupima, akadai kwamba hata mimea ya kawaida, isiyosogea hata kidogo, hutoa ishara ya umeme ikisumbuliwa. Mwaka 1901 alipoliwasilisha hilo London, mmoja wa waliompinga alikuwa Burdon-Sanderson yuleyule. Bose hakurudi nyuma. Mwaka 1906 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo, na mwaka 1917 alianzisha taasisi yake ya utafiti ambayo hadi leo ipo. Si kila alichosema kuhusu mimea kimethibitika, ila katika hoja hiyo ya msingi alikuwa sahihi: ishara za umeme hazipo kwenye mimea michache ya ajabu tu.

Miti iliyofungwa kamba

Lakini kusogea ni jambo moja, na kukua ni jingine. Swali la kukua lilishaulizwa zamani, na mkulima wa matunda.

Thomas Andrew Knight alikuwa Mwingereza aliyependa mitufaa. Mwaka 1803 alichapisha majaribio yake katika jarida la Royal Society. Alichukua miche ya mitufaa, akaifunga kwenye nguzo ili sehemu ya chini ya shina isiyumbe, na mingine akaiacha upepo uitikise itakavyo. Iliyoachwa huru ilinenepa chini. Iliyofungwa haikunenepa sana. Kisha akafanya jambo la akili zaidi: akaufunga mti mmoja kwa namna ambayo uliweza kuyumba kuelekea kaskazini na kusini tu. Shina lake likawa la yai, pana zaidi katika ule upande wa kuyumba. Yaani mti uliongeza mbao pale hasa ulipokuwa unapindwa.

Wakulima wa Japani nao walikuwa na ujuzi wao. Tangu karne ya 17 kuna maandishi kuhusu *mugifumi*, desturi ya kukanyaga kwa miguu miche michanga ya ngano na shayiri. Mtu asiyejua angeona ni uharibifu. Kumbe miche inayokanyagwa kwa kiasi na kwa wakati wake hutoa machipukizi zaidi, hushika ardhi vizuri, na haianguki ovyo upepo ukija.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 habari zote za msingi zilikuwepo: mmea unaotikiswa hukua tofauti na usiotikiswa. Bado ilichukua zaidi ya miaka 150 jambo hili kupata jina.

Rula

Sasa twende Marekani, miaka ya 1960. Frank Salisbury alikuwa anachunguza *Xanthium*, gugu lenye matunda ya miiba yanayong'ang'ania nguo. Hakuwa anachunguza mguso hata kidogo. Alitaka kujua kasi ya ukuaji wa majani, na njia ilikuwa rahisi: shika jani, weka rula, andika urefu, rudi kesho.

Majani aliyoyapima kila siku hayakufikia urefu wa yale ambayo hayakushikwa. Si hivyo tu, baada ya muda yaligeuka manjano na kufa. Hapakuwa na sumu wala ugonjwa. Kitu pekee kilichoyatofautisha na majirani zake ni kwamba yalishikwa sekunde chache kila siku ili yapimwe.

Kwa mtu anayefanya utafiti, hii ni habari ya kutisha kidogo. Kipimo chenyewe kilikuwa kinabadilisha kitu kinachopimwa. Na ukijiuliza ni majaribio mangapi ya kilimo, duniani kote, ambapo miche imepimwa kwa rula kila wiki, unaelewa kwa nini suala hili halipaswi kubaki la wataalamu wachache.

Mwaka 1971 P. L. Neel na R. W. Harris, waliokuwa wanashughulika na miti ya mapambo huko California, walichapisha jaribio fupi katika jarida la *Science*. Walitikisa miti michanga ya *Liquidambar* kwa sekunde 30 tu kila siku, kwa siku 27. Miti hiyo ilirefuka kwa asilimia 20 hadi 30 tu ya urefu ulioongezwa na miti ambayo haikutikiswa. Sekunde 30 kati ya saa 24!

Miaka miwili baadaye Mordecai Jaffe, wa Chuo Kikuu cha Ohio, aliipa hali hii jina. Alikuwa anasugua kwa vidole pingili za shina la maharage na mimea mingine, kwa sekunde chache, mara moja au mbili kwa siku. Kwa maharage, kurefuka kulipungua ndani ya dakika chache. Aliita mabadiliko haya thigmomofojenesisi, kutoka maneno ya Kigiriki ya mguso, umbo na chimbuko: mguso unaozaa umbo. Muhimu zaidi, Jaffe hakudai kwamba mimea yote iko hivyo. Katika majaribio yake maboga, njegere na ngano hazikujibu. Na ukikumbuka kwamba Wajapani wamekuwa wakikanyaga ngano kwa karne kadhaa, unaona kwamba namna ya kugusa, na umri wa mmea, navyo vina neno lao.

Mwaka uleule, kitabu kingine

Mwaka 1973, mwaka wa makala ya Jaffe, kilitoka kitabu kilichouzwa mno, *The Secret Life of Plants*, cha Peter Tompkins na Christopher Bird. Kilieleza mimea inayosoma mawazo ya watu na kuhurumia viumbe vingine vinavyouawa. Madai hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na Cleve Backster, mtaalamu wa mashine za kupima uongo, ambaye mwaka 1966 aliunganisha mashine yake na mmea wa mapambo na kuamini kwamba mmea huo ulishtuka pale alipowaza tu kuuchoma moto.

Wanasayansi walipojaribu kurudia majaribio ya Backster kwa uangalifu, hawakupata kitu. Matokeo ya ripoti moja ya aina hiyo yalichapishwa katika *Science* mwaka 1975. Lakini kitabu kilikuwa kimeshasambaa, na tangu hapo kusema "mmea unahisi" mbele ya wataalamu kulianza kuonekana kama kusema unaongea na majini.

Ukilinganisha Jaffe na Backster utaona kinachotenganisha sayansi na hadithi. Wote wawili walisema jambo la kushangaza. Ila Jaffe alikuwa na kundi linganishi: mmea wa pili, wa aina ileile, umri uleule, udongo uleule, mwanga uleule, usioguswa. Mtu yeyote mwenye vidole na maharage angeweza kurudia jaribio lake akaona jibu lilelile. Uwezo wa kurudiwa ndio uliookoa uwanja huu.

Maji matupu

Ugunduzi mkubwa uliofuata nao ulitoka kwenye kundi linganishi, safari hii kwa bahati. Janet Braam alikuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Stanford, katika maabara ya Ronald Davis. Walitaka kujua ni jeni zipi huwaka mmea ukinyunyiziwa homoni ya ukuaji. Mmea wao ulikuwa *Arabidopsis*, kigugu kidogo cha jamii ya haradali ambacho maabara za mimea hukitumia kama vile maabara za wanyama zinavyotumia panya.

Walinyunyiza, na jeni kadhaa zikawaka. Vizuri. Kisha wakaangalia kundi linganishi lililonyunyiziwa maji matupu. Jeni zilezile zilikuwa zimewaka vilevile. Homoni haikuwa na kosa wala sifa. Kilichoziwasha ni matone kugonga majani.

Hapo wangeweza kuitupa data na kuanza upya. Badala yake walifuata njia iliyofunguka. Walipuliza upepo, walipinda majani, waligusa kwa mkono. Ndani ya dakika 10 hadi 30 kiwango cha ujumbe wa jeni hizo kilipanda hadi mara 100. Makala yao ilitoka katika jarida la *Cell* mwaka 1990, na jeni hizo zilipewa jina la TCH, ufupisho wa neno la Kiingereza la mguso. Mojawapo hutengeneza kalmodulini, protini ambayo kazi yake ni kushika kalsiamu na kupeleka habari mbele.

Kwa nini kalsiamu? Jibu lilionekana kwa macho mwaka 1991. Marc Knight, Anthony Trewavas na wenzao wa Edinburgh walichukua jeni kutoka kwa yavuyavu, yule mnyama wa baharini aliye kama uji mzito, wakaiingiza kwenye tumbaku. Jeni hiyo hutengeneza protini inayotoa mwanga ikikutana na kalsiamu. Walipoigusa tumbaku, ilitoa mwanga. Kumbe mguso hufanya kalsiamu imwagike ndani ya seli papo hapo, na huo ndio mlio wa kwanza wa kengele.

Asumini na kinga

Sasa tunafika kwenye magonjwa, na njia inapitia kwenye ua ambalo watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1962 wakemia walitenga kutoka kwenye mafuta ya asumini kiambata chenye harufu nzuri, kikaitwa methili jasmoneti. Kwa miaka mingi kilikuwa cha watengeneza manukato. Kisha mwaka 1990 Edward Farmer na Clarence Ryan walionyesha kwamba nyanya zikikivuta kiambata hiki kutoka hewani, huanza kutengeneza protini zinazovuruga mmeng'enyo wa wadudu. Kumbe jamii hii ya kemikali, jasmoneti, ni homoni ya ulinzi, na si mali ya asumini peke yake. Mimea mingi sana huitengeneza.

Mwaka 2012 kundi la Braam, aliyekuwa amehamia Chuo Kikuu cha Rice, lilifunga fundo. Walipinda mimea ya *Arabidopsis* mara kwa mara kila siku. Kiwango cha jasmoneti kilipanda, mimea ikawa mifupi na ikachelewa kutoa maua. Mimea yenye hitilafu ya jeni, isiyoweza kutengeneza jasmoneti, haikubadilika hivyo. Kisha wakaipima kwa maadui wawili: kuvu ya *Botrytis cinerea*, inayoleta ukungu wa kijivu na kuwasumbua wakulima wa nyanya na waridi, na kiwavi anayekula kabichi. Mimea iliyozoeshwa kupindwa ilihimili wote wawili vizuri zaidi.

Mwaka uliofuata watafiti wa Fribourg, Uswisi, walifanya jambo dogo zaidi. Walisugua jani taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kalsiamu ilipanda, kemikali kali za oksijeni zikatokea, na jani likawa gumu kushambuliwa na *Botrytis*.

Mwaka 2022 ulileta vipande viwili vingine. Watafiti wa Nagoya, Japani, walionyesha kwamba vinyweleo vya juu ya jani hufanya kazi kama vipima mvua: tone likigonga, wimbi la kalsiamu husambaa kuzunguka kinyweleo na jeni za kinga huwaka. Inaleta maana, kwa sababu matone ya mvua hurusha bakteria na mbegu za kuvu kutoka jani moja hadi jingine. Mmea unajiandaa kabla mgeni hajabisha hodi. Nao watafiti wa Lund, Sweden, walionyesha kwamba jasmoneti si njia pekee. Kuna njia nyingine inayofanya kazi sambamba nayo, na ukiziharibu zote mbili ndipo mwitikio unadhoofika kweli.

Faida haiji bure

Basi tuamke asubuhi tukapapase mashamba? Taratibu kwanza.

Ulinzi una gharama. Nguvu inayoenda kwenye kinga na kunenepesha shina haiendi kwenye urefu na majani. Mmea unaoguswa sana huwa mdogo na huchelewa kutoa maua. Mkulima wa mchicha hataki hilo. Kwa miche ya kitalu hali ni tofauti, maana mche mfupi na mnene husafirishika na hustahimili kuhamishwa. Marekani, baada ya dawa ya kufupisha mimea iitwayo daminozaidi kuondolewa kwenye mazao ya chakula mwaka 1989, watafiti waliongeza juhudi za kutumia mguso badala ya dawa: fimbo au kitambaa kinapitishwa juu ya miche ya mboga mara chache kwa siku. Hili pia linatusaidia kuelewa kwa nini miche iliyolelewa ndani ya kitalu nyumba, bila upepo, huwa laini ikifika shambani, ingawa uhaba wa mwanga nao huchangia sana urefu ule wa kinyonge.

Na kuna hatari ya wazi. Virusi vya mozaiki ya tumbaku husafiri kwa mikono na vifaa. Ukipapasa nyanya moja iliyoambukizwa kisha ukaendelea na safu nzima, umefanya kazi ya ugonjwa. Ndiyo maana wataalamu hushauri pia kutoingia kwenye shamba la maharage likiwa limelowa, kwa kuwa magonjwa ya bakteria na kuvu huenea kwa mguso wa namna hiyo. Ushahidi mwingi wa kinga niliousimulia unatoka kwa *Arabidopsis* maabarani, na kutoka hapo hadi ekari moja ya nyanya Kilolo au Kirinyaga ni safari ambayo lazima ipimwe hatua kwa hatua.

Kwa anayepanda miti, somo la Knight liko wazi tangu 1803: ukiuegemeza mche kwenye mti wa kuushikilia, kamba ilegee kidogo, uyumbe, na uiondoe mapema.

Kwa mwanafunzi, chukua vikombe kumi, udongo mmoja, mbegu kumi za maharage kutoka mfuko mmoja, dirisha moja. Yakishaota, vitano yasugue shina kwa vidole safi sekunde kumi asubuhi na jioni. Vitano vingine usiviguse kabisa, na unapomwagilia, elekeza maji kwenye udongo. Baada ya wiki mbili pima urefu na unene wa shina. Ila rula usiilete kabla ya siku ya mwisho.